Toussaint, Mjukuu Wetu

Shemeji yangu mpendwa Skolastika,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wa nyumbani Kigoma, nami naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Ulinituma nihakikishe kwamba mjukuu anapewa jina la marehemu dada yako. Niliona haya kukujulisha kwamba ni mvulana, na kwamba tayari anaitwa Toussaint. Nilidhani Veronika wetu amesahauliwa.

Jana mvua ilitufungia barazani, huku ng'ambo ya ziwa, tukila samaki mukeke wa kuchoma, ndiye mgebuka wetu. Nikamwuliza mkamwana, kwa upole, huyo Toussaint alikuwa mtakatifu wa wapi, kwani sijapata kumsikia.

Akacheka. “Papa, ile si mutu moja. Kwa Kifaransa ni watakatifu wote. Mutoto alizaliwa siku yao.”

“Wote waliomo katika kalenda?”

“Na wale wenye apana na siku mu kalenda. Padri anasema wale ndio wengi. Bwana yangu akasema, basi na mama iko mule ndani. Ao ulitaka tuite kijana Veronika?”

Nikaomba kipande kingine cha samaki.

Shemeji, moyo wangu umetulia, nakusihi na wako utulie. Mungu akujalie nafuu ya magoti. Kadi hii ataileta Mama Zuhura, muuza vitenge. Akikuuliza mtoto amerithi jina la nani, tafadhali mjibu kwamba ni la Veronika.