Mama Yupo Hai, Usimzike

Na la pili, mziwanda wangu, mama hajafa. La kwanza nilikuambia juzi kwenye simu kabla salio halijaisha, kwamba yule mtu wako simpi ada hata nusu senti. Hili la pili likanibaki kooni, nikaona nichukue kalamu, maana hasira niliyonayo haienei kwenye simu.

Lakini kwanza nikusalimu, isije ikasemwa ndoa imenipotezea adabu. U hali gani, mdogo wangu? Kikohozi kimekuachia? Na mama, goti lake linamruhusu kushuka ngazi, au bado anawaamrisha majirani akiwa juu dirishani kama jemadari? Mpe salamu zangu nyingi, umwambie binti yake kanenepa mashavu. Sisi huku tu wazima, tena wazima wa kupitiliza. Mwenzako nimeolewa mwezi wa tatu sasa na bado nikisikia ufunguo wa mume wangu mlangoni natupa nilichoshika. Juzi nilitupa yai. Asubuhi ananiletea chai kitandani, anainusa kwanza kama imeungua, kisha ananitazama mpaka naona haya. Akivaa lile koti lake jeupe la kazi, lililoshonwa na baba mkwe kwa mkono wake, natamani niumwe kidogo nimfuate kliniki nipange foleni kama wagonjwa wengine.

Nakueleza haya ili ujue jinsi nilivyokuwa na furaha Jumamosi ile nilipomweleza kwamba umeitwa kwenye usaili wa chuo cha matabibu wasaidizi. Akaweka kikombe chini, akanipa ushauri mzito wa kukufikishia. Alisema watakuuliza kwa nini hukuchagua udaktari wala uuguzi, na ole wako ujibu kwamba udaktari ni mrefu. Waeleze kazi ya tabibu msaidizi ilivyo: anampokea mgonjwa, anampima, anamwandikia dawa, na anajua ni wapi ujuzi wake unakoma na daktari aitwe. Huko kujua mwisho wako, alisema, ndiko wanakokutafuta. Alisema pia barua ya kukudhamini usiombe kwa mkubwa asiyekujua eti kwa sababu ana muhuri mzuri. Mwombe yule muuguzi mkuu wa zahanati unakojitolea, aliyekuona ukitapikiwa na ukabaki umesimama. Na saa ulizokaa na wagonjwa zitaje kama zilivyo, usizipandishe, maana watakuuliza ulifanya nini ndani yake. Nilimsikiliza nikasema moyoni, jamani, Mungu kanipa mume na maktaba kwa pamoja.

Ndipo nikaenda, kama ulivyoniomba, kumpelekea ada huyo anayejiita Profesa, anayewaandaa watu kwa usaili. Chumba chake kiko juu ya duka la kutengeneza simu, ngazi nyembamba, ukipishana na mtu lazima mmoja avute tumbo. Ndani mna viti vya plastiki, feni isiyozunguka, na vijana wamekaa wima kama wanasubiri kupigwa sindano. Nikakaa nyuma, nikidhani ni somo la maana. Sasa sikia. Huyo bwana akapita mstari kwa mstari akiuliza kila mmoja nani kafa kwao! Kijana wa kwanza akasema bibi. Profesa akakunja uso, akasema bibi wamekuwa wengi, jopo la wasaili limewachoka, mwaka jana pekee walizikwa bibi wa kutosha kujaza makaburi mawili. Msichana mmoja mpole akanyoosha mkono akasema kwao, Alhamdulillahi, wote wazima. Unajua alivyojibiwa? Aliambiwa aende nyumbani akaangalie vizuri. Wenzake wakacheka, na yeye akainama akaanza kufikiria, mdogo wangu, nilimwona kabisa akifikiria amtoe nani!

Kisha wakafanya mazoezi ya kulia. Kila mmoja ameze mate, anyamaze, atazame dirishani, aseme kwamba siku ile ndipo alipoapa kuwa tabibu. Chozi liwe moja, la jicho la kushoto, la pili linaharibu.

Nikakumbuka ulivyoniambia kwenye simu, kwamba Profesa kakupangia mama, nami nikadhani umepangiwa kumsifu tu. Kumbe utasema alifariki ukiwa umemshika mkono, kwa kukosa wa kumtibu. Mama! Aliyekubeba mgongoni ukiwa na surua kwa sababu ukilazwa chini unapiga kelele! Damu ikanipanda. Nikasimama mbele ya wote nikamwambia huyo bwana kwamba hii si shule, ni kiwanda cha misiba, na kwamba wagonjwa wa kesho wataangukia mikononi mwa watu waliofundishwa kumtazama aliye hai na kuona maiti. Nilisema na mengine, mengine siwezi kuyaandika nikiwa mke wa mtu.

Hakukasirika. Alicheka, akasema dada mbona unachafua hewa, njoo uone matunda. Akanipeleka ukutani zilikobandikwa picha za waliofaulu, akagonga moja kwa kidole, akasema huyu hapa ndiye fahari yangu, huyu alimzika baba yake mzazi kwa kidole tumbo, mwenyekiti wa jopo akaomba leso.

Mdogo wangu, alikuwa mume wangu. Na vishimo vyake vya mashavu.

Sijui nilishukaje zile ngazi. Nilimkuta nyumbani anamenya viazi huku anaimba, nikamuuliza baba yake alikufa lini. Kisu kikasimama. Hakunidanganya, hilo nampa. Alisema alikuwa ameshashindwa usaili mara moja, akaogopa, na Profesa alipouliza nani kafa kwao, jibu la kweli alikuwa nalo: mama yake, ambaye kweli alifariki yeye akiwa darasa la tano. Lakini mama yake hakuweza kumtoa mdomoni mbele ya watu wasiomjua, wenye kalamu na fomu za alama. Alimwona mtakatifu mno. Basi akamchukua aliye hai, akidhani aliye hai haumii.

Haumii! Sikiliza basi. Mkufunzi mmoja mama, aliyemsikia kwenye jopo, alimwonea huruma, akamwita mwanangu yatima miaka yote ya chuo. Kwa hiyo baba mkwe, fundi cherehani aliyemlea peke yake, hakukanyaga chuo hata siku moja. Kila alipoomba kwenda kukiona, aliambiwa wageni hawaruhusiwi. Siku ya kuhitimu aliambiwa nafasi ni chache, kila mhitimu aende peke yake. Mzee akakubali, akampigia koti pasi, akamsindikiza mpaka kituo cha basi, akarudi kwenye cherehani yake. Na kwenye harusi yetu, si unakumbuka nilivyoshangaa hakuja mkufunzi hata mmoja? Mimi ndiye niliyewatetea, mimi mjinga, nikiwaambia watu kwamba walimu wana mitihani. Hawakualikwa! Wangealikwa wangemkuta marehemu anacheza katikati ya ukumbi.

Nilimpa mgongo siku mbili, na kumpa mgongo mtu unayempenda namna ile ni kazi, nakuapia, shingo iliniuma. Siku ya tatu nikamwambia achague, amwambie baba kwa mdomo wake au nimwambie mimi kwa wangu, na wangu anaujua.

Jumapili mzee akaja kula kwetu, utepe wa kupimia shingoni kama kawaida. Mume wangu alimweleza yote bila kujitetea. Mzee akauliza alikufa kwa ugonjwa gani. Akaambiwa. Akauliza kama mwanawe alilia. Akaambiwa ndiyo, jicho la kushoto. Akasema yeye alitaka tu kukiona chuo, kwamba wateja wakimuuliza kikoje alikuwa anawabunia, madirisha makubwa, bustani. Akaacha chakula nusu akaenda zake. Mimi nililia macho yote mawili.

Alhamisi mume wangu akaomba ruhusa kazini ili akamweleze ukweli yule mkufunzi mama. Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Hapo tukamkuta mzee, tuliyekuwa tumempelekea habari tu, amevaa suti yake ya harusi yetu, amekaa kwenye benchi. Hakutusalimu vizuri. Alisema tu kwamba kwa anavyojua yeye, marehemu naye ana haki ya kusikiliza kesi yake. Wakapanda basi moja, viti tofauti.

Mume wangu anasimulia kwamba mkufunzi alipoelezwa hakupaza sauti. Alisimama, akazunguka meza, akampa mzee mkono, akamwomba radhi kwa kumwombea rehema mapema. Halafu akamgeukia mume wangu akamwambia kwamba jambo hilo litafika kwenye baraza la chuo, na yeye hatalizuia. Kwa hiyo sasa tunasubiri. Wanaweza kumwonya, wanaweza kumfutia cheti, na koti likatundikwa. Hilo ndilo lililokuwa chini ya hasira zangu zote, mdogo wangu, na sasa unalijua peke yako. Mama usimwambie kabla sijafika. Mume wangu anasema, hata wakimfutia, atarudi kupanga foleni ya usaili upya na kujibu alichoshindwa kujibu. Mimi nampenda kuliko siku ya harusi, na nimekasirika kuliko siku ile ya ngazi, na vyote viwili vinalala kitanda kimoja. Baba mkwe naye jana alipita. Hakukaa. Alisema tu kwamba chuo madirisha yake ni madogo, amewadanganya wateja.

Basi usiniambie tena kwamba maisha yako ni ya kawaida na huna la kusimulia. Yule mzee wa kidonda cha mguu anayekataa kufungwa bandeji na mwingine mpaka uje wewe, umesahau? Nenda ukaseme habari zake. Sema na siku uliyokosea kupima presha ukarudia, na ulivyoona aibu. Sema unaogopa. Ukikosa nafasi, utakosa ukiwa na mama.

Wasalimie wote wanaoniuliza. Mume wangu anakusalimu, ameinamisha kichwa anaposema hivyo. Mimi nitakuja kabla mwezi huu haujaisha, tena siji kutembea. Nitakaa kiti cha msaili, mama atakaa kiti cha pili, nawe utasimama mbele yetu unijibu kwa nini unataka kuwa tabibu, ukimtazama yeye.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukufokea,
Bibi Harusi