Safiya amepigia profesa magoti

Emilie, weee! Safiya wetu, docteur wa akili ya watoto, amefanya mambo leo huku commune ya Makiso!

Mukutano wa chama chao cha ma docteur, kuchagua prezida mupya. Muzee profesa, prezida wa miaka yote, akakatala kuachia kiti. Akapiga meza: «Nikitoka, chama kinavunjika!»

Safiya akasahau kama iko mu mukutano, si kwa kazi yake na watoto. Akapiga magoti mbele yake: «Papa, uko na hasira ao uko na woga?»

Kwa profesa! Kama kwa mutoto mudogo wa masomo ya maternelle!

Muzee akasema polepole: «Woga. Nikitoka, nani atanikumbuka?»

Alors, wakapiga kura. Muzee mwenyewe akainua mukono wa kwanza: «Safiya.» Wote wakamufuata.

Sasa madame prezida amejificha kwangu, anakula mboga ya pondu, ananiuliza: «Ile magoti, watu waliona?»