Lundo la Mawe Chini ya Longonot

Longonot, Jumapili

Mama yangu,

Magoti yanasemaje na baridi hii? Na kikohozi, kimepungua? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia, na nitakueleza sababu.

Kazi ni ileile uliyoicheka: "Ati nimekusomesha ukaangalie uchafu wa mawe!" Si uchafu, Mama. Ule ukoga wa rangi kwenye mwamba ni kitu hai, hukua polepole mno, na kila aina ina mahali pake. Wa rangi ya machungwa hupenda jua, hasa juu ya jiwe ndege wanapotua. Ule mweupe kama unga hujificha chini, mvua isikoufikia. Mimi huutambua na kuandika unapoota.

Sasa sikiza. Tangu nije huku nimekuwa nikitafuta pale wenzake wa machimbo walipomzika Baba, mafuriko yalipofunga barabara wakashindwa kumleta nyumbani. Walituambia tu kwamba walimfunika kwa mawe chini ya mlima. Jameni, huko ni malundo ya mawe kila upande! Nawe unangoja udongo wa kaburi lake tuuzike kwetu, umalize kilio chako. Niliogopa kukuletea mtu mwingine.

Alhamisi nikafika kwenye lundo moja, nikachutama kulitazama. Ukoga wa machungwa ulikuwa umeangalia chini, gizani, umekufa. Ule wa unga ulikuwa juu, umekaushwa na jua. Mlima haupangi mawe hivyo. Hiyo ilikuwa mikono ya watu. Nikainua jiwe moja, nikaona kikombe cha Baba cha bati, kile ulichokifunga waya kwenye kishikio. Nililia, Mama, mbele ya wageni wote waliokuja kupanda mlima.

Nikachota udongo, nikasema, "Baba, twende nyumbani." Uko kwenye mkebe hapa chumbani. Lakini tangu siku hiyo nasikia nyundo ikigonga jiwe, kule machimbo, na machimbo yalishafungwa. Wenzangu wanasema ni upepo. Upepo gani unaopumzika kama mtu anayefuta jasho?

Nilimwambia mama mwenye nyumba, naye ni mtu wa kwetu. Akaniuliza, "Ulimwita nani?"

"Baba."

"Wee! Mtu huitwa kwa jina alilopewa na nyanya yake. La sivyo udongo unakuja, mwenyewe anabaki."

Nisalimie Wekesa, kitinda mimba wako, mwambie aache kukusumbua na asome. Msalimie shemeji yangu na watoto, na jirani anayekuchotea maji, Mungu ambariki.

Mama, ndugu zake Baba wote wameshaondoka duniani. Kwenye kitambulisho kuna jina la kanisani tu. Umebaki wewe peke yako unayelijua lile jina, na najua mke wa kwetu halitaji la mumewe. Miaka yote umemwita Baba Nafula. Nakuomba ulitaje. Nipigie, ulinong'one tu. Nitarudi pale kwenye mawe nimwite, maana bado anafanya kazi.

Mimi binti yako,
Nafula