Gari Likitengenezwa, Mwanangu Hatalala

Shangazi Hyasinta, shikamoo. Mimi nimeishia la saba, nikikosea herufi nivumilie, lakini naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nina shida ambayo mtu mwenye akili akiisikia atanicheka, na mimi mwenyewe nimeshajicheka sana.

Mume wangu Beno ana gari la spoti la zamani, jekundu, milango miwili, boneti refu kuliko chumba chetu, aliachiwa na mjomba wake, analipenda mpaka nimelizoea kama mke mwenza. Mbele limechoka, likipita shimo linanesa weee. Fundi Shaibu kasema zinatakiwa shokapu, na bushi, zile raba zinazozuia vyuma visigongane, na boljointi, kile kifundo kinachoshika tairi, na kwa kuwa mimi nauza vitumbua hapa Gerezani mbele ya maduka ya spea, kazi ya kuchagua nikapewa mimi, na picha na vipimo nikatumiwa kwenye simu.

Sasa shangazi, mwanangu Klara ana miezi saba na halali. Kitandani halali, mgongoni halali, analala ndani ya lile gari tu, tena likinesa. Jioni Beno akituzungusha Upanga, hatujafika mbali mtoto kashalala mdomo wazi, na mimi nimelala mdomo wazi pembeni yake. Nikajiambia, wakifunga vipya gari likakakamaa kama benchi, nimekwisha.

Basi nikifika dukani kwa kaka Chintan naibonyeza kila bushi kwa kidole gumba, nikiikuta ngumu nasema hii feki. Juzi akaniuliza, "Mama Klara, unachagua bushi au parachichi?" Wateja wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaomba iliyo laini zaidi. Nyumbani nikamwambia Beno spea za gari hilo hazipo mji mzima. Akaniamini, masikini, akasema, "Basi tutaenda nalo hivyohivyo." Jumapili tunaenda Mkuranga kumwonyesha mama yake mjukuu, na Klara namweka mapajani. Na jana tairi la kulia limeanza kugonga, ko ko ko, mtoto ndio kwanza akazidi kulala, mimi usingizi ukakata. Nimwambie ukweli, au kuna raba laini itakayonesa bila hatari?

Mama Klara, Gerezani

*

Marahaba, Mama Klara. Nilikuwa nacheka mpaka nilipofika kwenye hiyo ko ko ko.

Kuchoka sikulaumu. Mwanangu wa pili alikuwa halali mpaka asikie mashine ya kusaga, na mimi nilikuwa nashinda mashineni na debe tupu. Lakini mashine ya kusaga haichomoki tairi barabarani. Wewe umeligeuza gari bovu kuwa bembea, ukamdanganya mwenye gari, na sasa unaniuliza mimi bembea ipi ni laini.

Nimemuuliza fundi wangu. Anasema kugonga huko huenda ni boljointi, na ikichomoka tairi linalala ubavu na usukani hausikii tena. Kwa hiyo gari lisitembee, hata Upanga. Boljointi usiibonyeze, nunua mpya za pande zote mbili, mtumba usichukue hata ukipewa bure. Kwenye bushi ndipo una nafasi ya kuchagua. Zile za plastiki ngumu za rangirangi waachie vijana wa mashindano, chukua za raba, mpya, zenye vipimo ulivyotumiwa, na shokapu za kawaida. Shaibu azikaze nati za bushi gari likiwa limesimama kwa matairi yake, lisiwe linaning'inia kwenye jeki, la sivyo raba zitakatika mapema. Litakuwa laini, ila kunesa kule kusahau.

Beno mwambie leo, usingoje siku atakayoamka na furaha. Na ukimaliza la spea mwambie na la pili, ambalo umelipitisha mbiombio kwenye barua: kwamba ndani ya lile gari ndimo na wewe unamopata kulala. Jioni ambebe mtoto wake atembee naye kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja, wewe ulale kitandani kama watu.

Kazi isipokwisha kabla ya Jumapili, pandeni basi. Klara atalia njia nzima, abiria watawanunia, na Mkuranga mtafika.