Gauni la Kitenge na Dagaa wa Mama Zuhura

Dada Neema, shikamoo.

Lile gauni la kitenge ulilonishonea limekwisha, na wa kulaumiwa ni mwalimu wa kwaya ya huku Kigoma! Jumapili tukiwa njiani kwenda ibadani, pale ufukweni Katonga, mvua ikaanza kudondoka. Akatusimamisha sote tukusanye dagaa wa Mama Zuhura walioanikwa mchangani, maana mwenyewe anamuuguza mumewe hospitalini. Nikafoka, "Mwalimu, ibada inaanza!" Akanijibu keshainama, "Hii imeshaanza."

Tuliingia kanisani wakati wa matangazo, tunanuka shombo!

Gauni nimelifua mara tatu. Jana nimelivaa tu, Mama Zuhura huyo, kaja kushukuru. Akanikumbatia kwa mikono yenye shombo la dagaa: "Wakoze, mwanangu!"

Jumapili ijayo naenda na ndala, tayari kuingia mchangani tena. Niombee jua, dada.

Mdogo wako,
Rehema