Kampala au Ujerumani

Free Area, Nakuru
11 Mei 2025

Mama mpendwa,

Habari ya Dundori? Baridi imepungua? Mimi niko sawa, ni kikohozi tu.

Nimekubaliwa! Shule mbili zimeniita nikasomee masters ya usanifu wa majengo, na zote zitanilipia karo. Moja iko Ujerumani. Huko mnajenga kitu chenyewe, si kuchora tu. Nyingine iko Kampala, na Kampala ni basi moja, ukiugua nafika kesho yake. Tangu Baba azikwe uko peke yako, na Anko Kamande anamezea shamba mate. Niende wapi? Nimeandika kwa sababu kwa simu utasema tu "ni sawa" ukate.

Mtoto wako,
Wangeci

Dundori
25 Mei 2025

Binti yangu Wangeci,

Nakusalimia kwa jina la Yesu. Chemsha tangawizi unywe. Mimi ni mzima.

Juzi Kamande alikuja na wanaume nikikamua ng'ombe wetu. Akasema, "Waithera, shamba ni la ndugu yangu. Ulikuja na begi, ondoka na begi." Nikaendelea kukamua. Akashika panga akamkata ng'ombe mishipa ya miguu ya nyuma, hapo mbele yangu. Alianguka juu ya ndoo, analia kama mtu. Ilibidi jirani yetu Lewis amchinje.

Nenda Ujerumani. Ukiwa Kampala utakuwa unakuja kila mara kulia na mimi.

Mamako

Free Area
29 Mei 2025

Mama,

Umeamkaje? Umelala kweli? Umeenda polisi? Njoo tukae hapa, nyumba ni ndogo lakini tutatoshea.

Nimeamua Kampala. Siwezi kukaa Ulaya nikichora nyumba za watu na mama yangu anakatiwa ng'ombe. Nitawaandikia Kampala mwisho wa mwezi ujao.

Wangeci wako

Dundori
20 Juni 2025

Wangeci,

Salamu nyingi. Naandika polepole, vidole vimefungwa bandeji.

Nilienda polisi. Aliyekuwa kwa meza akaniambia, "Mathe, hayo ni mambo ya familia." Kamande akasikia. Walikuja mchana kweupe na nyundo za mjengo, wakaanza na ukuta wa jikoni nikiwa ndani. Mawe yaliniangukia mkono. Nilipotoka alinipiga ngumi ya mdomo, meno yakatoka na damu. Watu walisimama barabarani wakiangalia. Chumba cha kulala bado kimesimama, na ndimo ninalala. Nikihamia kwako, siku hiyo hiyo atalima hapa.

Usiandikie Kampala. Baba yako alikuachia wewe hili shamba, na Kamande anajua. Ukionekana hapa atakuua kwanza. Niache niogope kwa ajili yangu tu. Nenda mbali.

Mamako

Ujerumani
9 Novemba 2025

Mama mpendwa,

Habari ya siku nyingi? Hujambo kweli? Huku baridi inakata masikio.

Nilikutii nikaja, lakini tangu nipande ndege hujaniandikia hata mstari, na simu yako haipatikani. Lewis anasema, "Mama yako ni mzima," halafu anakata haraka. Juzi mwalimu alituambia tumchoree nyumba mpya mtu mmoja tunayemjua. Nilichora yako, mlango mmoja wa chuma na vidirisha juu kabisa. Akaniuliza, "Huyu mtu anaogopa nini?" Nikatoka nje nikalia.

Tafadhali niandikie.

Wangeci

Rumande, Nakuru
14 Desemba 2025

Binti yangu,

Masomo yanaendeleaje? Unavaa soksi nzito? Usimlaumu Lewis, nilimwapisha asikuambie, na ndiye ameniletea barua yako.

Kamande amekufa. Ni mimi nilimuua. Wiki ile ulisafiri alirudi kubomoa chumba kilichobaki. Nilikuwa shambani nachimba viazi. Alinikaba shingo akanisukuma kwa mtaro, nikaona giza. Mkono wangu mzima ukapata jembe, nikampiga kichwani. Akaanguka magoti. Wangeci, hapo ningeweza kukimbia. Sikukimbia. Nilimpiga tena na tena mpaka Lewis akanishika mikono. Sitakudanganya kwamba niliogopa. Nilikuwa na hasira ya ng'ombe, ya meno yangu, ya jiko langu.

Kesi itasikizwa Februari. Usirudi. Jaji akiuliza kama nina mtoto, nataka kusema ninaye, anasoma mbali.

Mamako, Waithera

Nakuru
26 Januari 2026

Mama,

Habari ya huko ndani? Unakula? Unapata blanketi?

Nimerudi. Ujerumani wamenipa ruhusa ya mwaka mmoja, baada ya hapo hawaahidi kitu. Kampala niliwaandikia, nafasi yangu ilishachukuliwa. Kwa hivyo sasa sina shule, na bado nililala vizuri jana kuliko siku zote za huko.

Nilifika Dundori. Mjane wa Kamande alinirushia mawe, moja likanipasua hapa juu ya jicho. Sikumrudishia. Alikuwa analia akirusha, na watoto wake wamemshika rinda. Lewis alinishona kwa kliniki, yaani alinipeleka nikashonwa. Amekubali kumwambia jaji yote aliyoona, kuanzia ng'ombe mpaka jembe. Na mimi nitasimama niseme.

Najua umekasirika. Kasirika tu. Barua hii nampa askari wa lango. Niko hapa nje kwa benchi ya wageni, nimekuletea sweta. Ukimaliza kusoma usitafute kalamu. Toka tuonane.

Mtoto wako,
Wangeci