Picha ya Nyakoe Haikupigwa Mchana

Nairobi,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpenzi wangu Mama Kemunto,

Salamu nyingi zikufikie hapo Nyamira, wewe na mtoto na mama yangu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii: nimekaa kuandika, nimesimama, nimekwenda dirishani, nimerudi, na bado sijapita mstari wa tatu. Kikohozi cha Kemunto kimeisha? Na mama, goti linamsumbua bado akipanda kule kwenye chai? Usinijibu "wote wazima" kama kawaida yako. Nijibu mmoja mmoja.

Barua yako imefika. Nilitarajia uniambie siku ya kuja, maana chumba nimepata, nilikuandikia. Badala yake unaniambia mzee wa kanisa alikuja nyumbani na gazeti, akamwonyesha mama ile picha ya gari la mashindano pale Nyakoe, jina langu chini yake. Na kwamba mama amesema mjukuu wake hataenda kuishi na mtu anayefanya kazi siku ya Sabato. Halafu na wewe ukaniuliza, "Jua lilikuwa limezama au bado?" Nimelisoma swali hilo mpaka karatasi imechakaa. Limeniuma, sikufichi. Wewe binti wa Kendu, uliyelelewa katika kanisa hilo hilo, unayenijua kuliko wote.

Haya, sikiliza basi nikueleze.

Mwenye studio ya picha ninayofanyia kazi alinichukua kwenye mashindano hayo kwa sababu mimi ni mtu wa huko, najua barabara zinapoteleza. Tulitoka Nairobi Ijumaa asubuhi kwa gari lake. Jumamosi akaniacha peke yangu kwenye kona ya Nyakoe, yeye akaenda kungoja kwingine. Kabla hajaondoka nilimwambia wazi kwamba sitapiga hata picha moja mpaka jua lizame na Sabato iishe. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na maziwa. "Magari hayafungi Sabato," akasema, "lakini ukiniletea picha moja tu nzuri, kile chumba cha nyuma ni chako na familia yako." Flashi akaondoka nayo.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi, barabara ikawa uji. Watu walitoka kanisani wakajipanga kwenye baraza la maduka kutazama. Magari ya mbele yalipita mchana kweupe, moja baada ya jingine, yakiserereka kwenye kona mpaka tope likaturukia usoni. Picha za kuokota tu! Kamera ilikuwa ndani ya koti, na mikono nimeitia mifukoni ili isinitoroke. Bwana mmoja akaniuliza kama kamera imeharibika. Nikamwambia imelowa, na huo ndio uongo pekee niliousema siku hiyo.

Shida ya mawingu ni kwamba huoni jua likizama. Unawajua mama na jirani yake kila Jumamosi ya mvua, huyu anasema Sabato imekwisha, yule anasema bado. Nami sikuwa na saa. Nikangoja. Giza likaanza kuingia kwenye migomba, na pale barazani akina mama wakaimba wimbo wa kufunga Sabato, wakaomba, wakasema amina. Ndipo nikatoa kamera.

Sasa nielewe hapa, maana hapa ndipo mzee wa kanisa alipopotea. Mchana ningefungua kamera kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, na gari lingeganda, ungedhani limeegeshwa. Kwa mwanga ule haikuwezekana. Nikafungua tundu la lenzi mpaka mwisho, na kasi nikaishusha hadi sehemu moja ya thelathini, ambayo ni kasi ya kumpiga picha mtu aliyekaa kwenye kiti. Ukilipiga gari hivyo huku umesimama tuli, utapata ukungu mtupu. Dawa yake ni kulifuata. Nilichagua jiwe kando ya kona, nikaiweka lenzi kwa umbali wake kabla giza halijalificha, nikasimama imara kwenye tope, magoti nimeyalegeza. Gari la mwisho lilipotokea, taa zake zimezibwa na matope, nikalishika kwenye kamera tangu mbali na kugeuka nalo kuanzia kiunoni, taratibu, kama unavyogeuka wewe ukimfuata Kemunto kwa macho akikimbia uani. Nilibonyeza huku nageuka, na baada ya kubonyeza nikaendelea kugeuka. Ukisimama ghafla umeiharibu.

Huku Nairobi filamu niliiacha kwenye dawa kupita kawaida, kwa kuwa ilikuwa imepata mwanga kidogo mno. Ikatoka picha ambayo dereva anaonekana mpaka meno, na nyuma yake baraza lote limekuwa mistari myeupe. Na mwanga wake, ungeapa ni wa saa tisa alasiri. Kamera ikifunguliwa vile hukusanya mwanga ambao macho hayauoni tena. Gazeti likaichukua, mwenye studio akanipa ufunguo, nami nikatembea na kifua mbele siku nzima. Mjinga mimi, sikujua kwamba kadiri nilivyoipiga vizuri ndivyo nilivyojitia hatiani.

Utauliza kwa nini nilifika Nyakoe nikashindwa kufika nyumbani. Mwenye studio alikuja kunichukua hata injini hakuizima, filamu ilikuwa inangojwa. Na hata angeniruhusu, nilitaka nije kuwachukua, si kuwaona tu na kuwaacha tena.

Sasa swali lako. Nilipobonyeza, amina ilikuwa imekwisha kusemwa. Hilo nina hakika nalo. Lakini kama jua lenyewe lilikuwa limezama nyuma ya mawingu yale, Mama Kemunto, sijui. Labda walifunga mapema wawahi nyumbani kwa ajili ya mvua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si mzee wa kanisa.

Ningeweza kukuambia uende Nyakoe ukamuulize mwenye duka la pale kwenye kona. Alikuwepo, atakumbuka. Sikutumi. Sitaki uje kwangu kwa sababu watu wa Nyakoe wamenishuhudia. Chumba nimekipaka chokaa, na dirisha lake linatazama uani ambako mtoto anaweza kucheza. Ukiniamini, njoo. Usiponiamini, niandikie waziwazi, nami nitarudisha ufunguo, maana siwezi kulala peke yangu katika chumba nilichokiomba kwa ajili ya watu watatu.

Nisalimie mdogo wangu aliye chuo cha ualimu. Nisalimie jirani yetu, yule mbishi wa mama. Hata mzee wa kanisa msalimie, alifanya lililo juu yake. Kemunto mbebe kwa niaba yangu. Na mama umsomee barua hii yote. Hapo niliposema sijui, usiparuke. Afadhali mbaki huko kwa neno hilo kuliko mje kwa neno nililowatungia.

Mimi mumeo,
Baba Kemunto